Usipige Windows Kwenye Laptopu ya Mtu Kabla Hujajaribu Hivi: Jinsi ya Kutengeneza ISO Inayobuti na Kuisakinisha Kwenye Kompyuta Pepe

Kama uko Korogwe, Handeni au popote pale na una laptopu ya mtumba, kuna uwezekano mkubwa inatumia Windows 10. Sasa tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa mfumo huo. Laptopu hazikuzimika siku hiyo, zinaendelea kuwaka kama kawaida. Kilichokoma ni masasisho ya usalama ya bure, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza.

Na Windows 11 haikubali kila mashine. Inataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa kawaida si ya zamani sana. Laptopu nyingi tunazonunua mtumba hazifikii hapo.

Ndiyo maana siku hizi watu wengi wanapeleka laptopu kwa fundi wakisema "nipigie Windows nyingine" au "niwekee Linux". Wengine wanajaribu wenyewe nyumbani kwa kuangalia video. Na hapo ndipo mafaili ya watu yanapopotea.

Leo nitakuelekeza namna ya kujifunza kazi hii bila kuhatarisha mashine ya mtu yeyote. Utahitaji faili moja tu la ISO, programu moja ya bure, na kompyuta yoyote yenye nguvu kiasi.

KWA NINI NAKUAMBIA HAYA

Miaka michache nyuma nilikuwa Korogwe najifunza ufundi wa kompyuta. Mwalimu mmoja kutoka Handeni akaniletea laptopu yake. Ilikuwa nzito, inachukua robo saa kuwaka. Akaniachia, akapanda gari kurudi.

Nikachomeka flashi, nikaanza. Ikafika mahali skrini inauliza kama nafuta diski yote ili nisakinishe mfumo mpya. Mimi nilidhani inafuta Windows ile mbovu tu. Nikabofya ndiyo.

Baada ya siku mbili akarudi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Imepona?"

Nikaiwasha mbele yake, ikawaka haraka sana. Akafurahi. Halafu akatafuta folda yake ya alama za wanafunzi za miaka mitatu. Haipo. Akatafuta picha za marehemu mama yake. Hazipo. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Zinaweza kurudi?" Nikajaribu, sikufanikiwa.

Tangu siku hiyo nina sharti moja: mfumo ambao sijawahi kuusakinisha kwenye kompyuta pepe, sigusi nao laptopu ya mtu.

ISO NI KITU GANI HASA?

Zamani mfumo endeshi ulikuja kwenye CD au DVD. Wakongwe watakumbuka Ubuntu, Linux iliyoanza mwaka 2004, ilikuwa na utaratibu wa kukutumia CD bure kwa posta hadi huduma hiyo ilipofungwa mwaka 2011. Mwaka huohuo wa 2004, hapa kwetu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Wakati huo diski ilikuwa kitu unachokishika mkononi.

Faili la ISO ni diski hiyohiyo iliyonakiliwa nzima, kila sekta kama ilivyo, ikawekwa ndani ya faili moja. Jina limetokana na ISO 9660, kanuni ya mwaka 1988 inayopanga namna mafaili yanavyokaa kwenye CD.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi. Mtu anakopi mafaili yote ya Windows kutoka kwenye DVD, anayaweka kwenye folda, anatengeneza ISO kutoka kwenye folda hiyo. Mafaili yote yamo. Lakini ukiwasha kompyuta, hakuna kinachotokea. Kwa nini?

Fikiria mgeni anashuka stendi ya Korogwe usiku wa manane. Hamjui mtu yeyote. Ameambiwa kitu kimoja tu: nenda dirisha namba 17, hapo utaelekezwa gari la Handeni lilipo. Akikuta dirisha limefungwa, hana pa kuuliza, anarudi alikotoka.

Kompyuta inayowaka iko vivyo hivyo. Haijui folda wala majina ya mafaili. Inapowashwa kwa diski, inakwenda moja kwa moja kwenye sekta namba 17, ukihesabu kuanzia sifuri. Kila sekta ina baiti 2,048. Hapo inatafuta maelezo yanayosema programu ya kuwashia imewekwa sekta ipi. Yakiwepo, inaanza kazi. Yasipokuwepo, inasema hakuna cha kuwasha.

Utaratibu huu unaitwa El Torito, na ulitolewa mwaka 1995 na kampuni za Phoenix na IBM. Ukikopi mafaili peke yake, maelezo hayo ya sekta ya 17 hayaji, kwa sababu si faili na hayaonekani kwenye folda.

Kwa hiyo ISO inayobuti ni ISO yenye mafaili pamoja na maelezo hayo ya kuwashia. Kikikosekana kimojawapo, umebeba mzigo usio na faida.

NA KOMPYUTA PEPE JE?

Kompyuta pepe ni programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya kompyuta yako. Ina RAM yake, diski yake, hata sehemu yake ya kuchomeka CD. Laptopu yako halisi inaitwa mwenyeji, na mfumo unaosakinishwa ndani unaitwa mgeni.

Mgeni huyu amepewa chumba chake na mlango umefungwa. Diski anayoiona ni faili moja kubwa tu ndani ya laptopu yako. Akiamua kufuta diski yake yote, anafuta faili hilo. Picha zako, nyaraka zako na Windows yako hazimhusu.

Programu nitakayotumia ni VirtualBox. Ilitoka mwaka 2007, na tangu 2010 iko chini ya Oracle. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows na Linux.

UNAHITAJI NINI?

1. Kompyuta yenye RAM ya GB 8. GB 4 inaweza kwenda, ila utavumilia.

2. Nafasi tupu ya GB 30 hivi kwenye diski.

3. VirtualBox, kutoka virtualbox.org.

4. Faili la ISO. Kwa mafunzo ya leo natumia Linux Mint, kwa sababu ni ya bure, inaruhusiwa kunakiliwa na kumpa mwenzako, na toleo la 22 lina masasisho hadi mwaka 2029. Inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, GB 4 ndiyo inayoshauriwa.

Kama kompyuta yako ni dhaifu sana, angalia Puppy Linux. Matoleo yake mengi hayafiki GB 1.

HATUA YA 1: PATA ISO BILA KUMALIZA BANDO

ISO ya Linux Mint ina karibu GB 3. Kwa mtandao wenye kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, hiyo ni dakika 80 hivi kama hakuna kukatika. Na kukatika kupo.

Kwa hiyo fanya hivi. Tumia kifurushi cha usiku kama mtandao wako unacho. Ukiweza, pakua kwa njia ya torenti, ambayo iko kwenye tovuti yao ya linuxmint.com. Faida ya torenti ni kwamba umeme au mtandao ukikatika, unaendelea ulipoishia, huanzi upya.

Unaweza kupakua kwa simu pia, halafu ukahamishia kwenye kompyuta kwa waya. Angalia kitu kimoja: memori kadi na flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Linux Mint inapita. Windows 11 ina zaidi ya GB 5, itakataa hata kama flashi ni ya GB 32 na iko tupu. Dawa yake ni kuifomati flashi kwa mtindo wa exFAT au NTFS, baada ya kutoa vitu vyako vyote.

Mmoja akishapakua, wengine hawana haja ya kutumia bando tena. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kama kilomita 65. Flashi moja kwenye mfuko wa shati inafika haraka kuliko mtandao wa baadhi ya vijiji.

Kwa Windows, pakua kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Ukiifungua kwa simu, inakupa ISO moja kwa moja. Ukiifungua kwa kompyuta ya Windows, unaweza kutumia programu yao ya Media Creation Tool, na ikikuuliza unataka kipi, chagua "ISO file". Kumbuka kupakua ni bure ila leseni ni jambo lingine. Na zile Windows zilizochongwa mtaani, zinazokuja na kila programu ndani bila kulipia, kaa nazo mbali. Hujui aliyezichonga ameacha nini ndani.

HATUA YA 2: HAKIKI FAILI LAKO

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Faili lililopakuliwa nusu linaweza kuonekana zima kabisa, likaanza kusakinisha vizuri, likakwama katikati.

Kila ISO nzuri ina alama yake ya utambulisho iitwayo SHA256. Ni herufi na tarakimu 64. Ikibadilika baiti moja tu ndani ya faili, alama nzima inabadilika.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia. Nenda kwenye folda yenye faili, kisha andika hivi, ukiweka jina la faili lako:

certutil -hashfile mint.iso SHA256

Subiri kidogo. Linganisha alama itakayotokea na ile iliyoandikwa kwenye tovuti uliyopakulia. Zikilingana, endelea. Zikitofautiana hata herufi moja, usilitumie. Hii ni muhimu zaidi kama ISO umepewa na mtu kwenye flashi.

HATUA YA 3: TENGENEZA ISO YAKO MWENYEWE

Kama ISO uliyopakua inakutosha, ruka hadi hatua ya 4. Kuna hali mbili zitakazokufanya utengeneze ya kwako.

Hali ya kwanza, una DVD halali ya mfumo na unataka kuihifadhi kabla haijachubuka. Weka DVD kwenye kompyuta yenye sehemu ya diski. Fungua programu ya AnyBurn, ambayo ni ya bure, uchague "Copy disc to image file". Chagua aina ya ISO na mahali pa kuhifadhi. Programu inanakili diski sekta kwa sekta, kwa hiyo na yale maelezo ya sekta ya 17 yanakuja.

Kwenye Linux, kazi hiyohiyo ni mstari mmoja:

sudo dd if=/dev/sr0 of=diski.iso bs=2048 status=progress

Kuwa makini na amri ya dd. Sehemu ya "if" ni unakotoa, "of" ni unakopeleka. Ukizigeuza unaweza kuandika juu ya kitu usichokusudia.

Hali ya pili, unataka kuongeza vitu vyako ndani ya ISO, kwa mfano maelekezo ya Kiswahili au notsi za wanafunzi wako. Usianze na folda tupu. Anza na ISO ambayo tayari inabuti, uongeze juu yake. Kwenye AnyBurn chagua "Edit image file", fungua ISO, ongeza folda yako, kisha hifadhi kwa jina jipya ili ile ya awali ibaki salama. Sehemu ya kuwashia iliyokuwemo inabaki.

Wa Linux, sakinisha xorriso halafu andika:

xorriso -indev mint.iso -outdev mint-yangu.iso -boot_image any replay -map Nyaraka /Nyaraka

Maneno "any replay" ndiyo yanayoiambia irudishe sehemu ya kuwashia kama ilivyokuwa. Ukiyasahau, unaweza kupata ISO isiyobuti, halafu ukahangaika siku nzima ukitafuta kosa.

Kumbuka ISO uliyoihariri haitalingana tena na alama ya SHA256 ya kwenye tovuti. Hiyo ni kawaida. Tengeneza alama yake mpya kwa amri ileile, uiandike mahali, ili utakayempa naye aweze kuhakiki.

HATUA YA 4: ANDAA KOMPYUTA PEPE

Kwanza angalia kama prosesa yako imeruhusiwa kubeba kompyuta pepe. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua "Performance", kisha "CPU". Tafuta neno "Virtualization". Kama mbele yake kumeandikwa "Enabled", uko sawa. Kama ni "Disabled", zima kompyuta, iwashe ukiwa unabonyeza kitufe cha kuingia kwenye BIOS. Mara nyingi ni F2, F10 au Delete, inategemea kampuni. Tafuta Intel VT-x au AMD-V, iwashe, hifadhi, toka.

Sasa fungua VirtualBox:

1. Bofya "New". Ipe jina, mfano Mint Mazoezi.

2. Kwenye sehemu ya ISO, chagua faili lako. Ukiona kisanduku kinachotaja "Unattended Installation", hakikisha umechagua kutotumia njia hiyo. Hiyo inasakinisha yenyewe, na wewe unataka kujifunza kila hatua kwa mkono wako.

3. Gawa RAM. Kama laptopu ina GB 8, mpe mgeni GB 4, yaani MB 4096. Kama ina GB 4, mpe GB 2. Usimpe mgeni zaidi ya nusu, mwenyeji naye anahitaji kupumua.

4. Tengeneza diski pepe ya GB 25. Usiogope ukubwa. Kwa kawaida faili linaanza dogo na kukua kadiri mgeni anavyotumia.

5. Maliza, kisha bofya "Start".

HATUA YA 5: SAKINISHA, NA USOME KILA SKRINI

Baada ya muda utaona Linux Mint imewaka yote, ina menyu na kivinjari, kabla hata hujasakinisha chochote. Hii ni hali ya majaribio. Mfumo unatembea kutoka kwenye ISO na RAM, diski bado haijaguswa. Ikumbuke hali hii, tutairudia mbele kidogo.

Bofya alama ya "Install Linux Mint" iliyo juu ya skrini. Chagua lugha na kibodi. Kisha utafika kwenye skrini yenye maneno haya: "Erase disk and install Linux Mint".

Simama hapo. Ndiyo skrini iliyonifutia mimi alama za miaka mitatu za watu.

Maana yake si kufuta mfumo wa zamani tu. Ni kufuta diski yote, pamoja na kila kilichomo: Windows, nyaraka, picha, video za harusi, kila kitu. Ndani ya kompyuta pepe haina madhara, inafuta ile diski ya GB 25 uliyoitengeneza dakika tano zilizopita. Kwa hiyo ichague, endelea, uone inavyokwenda. Angalia pia chaguo la "Something else", ambalo linakuonyesha sehemu za diski moja moja. Mazoezi ya hapo ni bora uyafanyie kwa mgeni mara kadhaa.

Weka jina, neno la siri na eneo la saa. Acha ifanye kazi. Ikimaliza itakuomba kuwasha upya, kisha itakuambia utoe diski ya usakinishaji na kubonyeza Enter. VirtualBox mara nyingi inaitoa yenyewe. Ikikurudisha kwenye usakinishaji upya, nenda kwenye "Devices", halafu "Optical Drives", uitoe kwa mkono.

Mfumo ukishawaka, tumia "Snapshots" kupiga picha ya hali uliyonayo. Baada ya hapo unaweza kuharibu utakavyo, futa hata mafaili ya mfumo. Ukirudisha ile picha, dakika chache mgeni amepona.

UKIKWAMA

"No bootable medium found": kompyuta pepe haikukuta cha kuwasha. Angalia kama ISO imechomekwa kweli kwenye mipangilio. Kama imo, rudi hatua ya 2 uhakiki. Kama ni ISO uliyotengeneza mwenyewe, kuna uwezekano imekosa sehemu ya kuwashia.

Ujumbe unaotaja VT-x au AMD-V: hukuiwasha kwenye BIOS. Rudi hatua ya 4.

Mgeni anakwenda polepole mno: funga kivinjari na programu nyingine za mwenyeji. Kama bado, jaribu mfumo mwepesi zaidi.

Panya amenasa ndani ya dirisha la mgeni: bonyeza Ctrl ya upande wa kulia, atatoka.

SASA UNAWEZA KUGUSA MASHINE YA KWELI

Rudia usakinishaji kwenye kompyuta pepe mpaka kila skrini uwe unajua inauliza nini kabla hujaisoma. Mara tatu si nyingi. Ndipo uandike ISO kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Nayo inafuta kila kilichokuwa kwenye flashi, kwa hiyo kagua kwanza.

Ukishafika kwenye laptopu ya mtu, usianze na kusakinisha. Kumbuka ile hali ya majaribio. Washa laptopu kwa flashi, ingia kwenye Linux Mint bila kusakinisha, kisha fungua programu ya mafaili. Mara nyingi utaiona diski ya Windows humo, hata kama Windows yenyewe imegoma kuwaka. Ifungue, chomeka flashi nyingine au diski ya nje, ukopi nyaraka na picha zote kwanza.

Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Mwenye laptopu anaweza kuwa nao kwenye akaunti yake ya Microsoft. Asipokuwa nao, usiendelee kufuta. Mweleze ukweli, aamue mwenyewe.

Na jambo la mwisho, mwenye laptopu afungue hizo nakala kwa macho yake kabla hujabofya chochote. Usimuulize tu "una vitu muhimu humu?" Watu wengi watajibu hapana, halafu wakumbuke wakiwa wameshafika nyumbani.

Yule mwalimu wa Handeni alinirudia mwaka uliofuata na laptopu nyingine, safari hii ya mdogo wake. Nilidhani hatanileletea kitu tena. Nikaiwasha kwa flashi, nikakopi kila kitu kwenye diski ya nje aliyokuja nayo, nikamgeuzia skrini ahesabu folda mwenyewe. Akazifungua moja moja, hadi za picha.

"Zimetimia," akasema. "Haya mwanangu, endelea."

Ndipo nikabofya.